Dubu mweusi kwa gobore: Maine, Pennsylvania, Colorado au Idaho?

Gobore hupiga mara moja. Hata mwenye mkono mwepesi huhitaji nusu dakika au zaidi kumimina baruti, kushindilia risasi ya pili na kupachika fataki, na muda huo dubu aliyepigwa vibaya ameshapotelea kichakani. Ndiyo maana anayetaka kutoka jimbo lake kwenda kuwinda dubu jimbo jingine la Marekani asianze na bei ya leseni, wala na wingi wa dubu. Aanze na mambo mawili: jimbo hilo litamletea dubu umbali gani, na sheria yake inakubali gobore la namna gani? Wengi huanza na bei, ndipo wakagundua kwamba darubini yao ni marufuku, au baruti yao haipandi ndege.

Msomaji anayelijua gobore la vijijini, lile la mtutu laini linaloshindiliwa hata vipande vya nondo, aliweke kando kidogo. Gobore la kuwindia Marekani lina michirizi ndani ya mtutu, hupiga risasi moja yenye uzito uliopimwa, na kipenyo kilichozoeleka ni .50, yaani karibu milimita 12.7. Yapo ya aina tatu: gumegume linalowaka kwa jiwe, gobore la nyundo ya ubavuni linalopigwa kwa fataki ndogo ya namba 11, na la kisasa, inlaini, ambalo fataki hukaa nyuma kabisa ya mtutu, kwenye mstari mmoja na baruti. Hilo la mwisho mara nyingi hutumia fataki ya 209, ileile ya risasi za bunduki ya marisau.

Majimbo manne yanatosha kulinganisha, kwa sababu kila moja lina namna yake ya kumpata dubu.

| | Maine | Pennsylvania | Colorado | Idaho |
|---|---|---|---|---|
| Msimu wa kufikiria | mwisho wa Agosti na Septemba | wiki ya magobore, Oktoba | siku 9 za magobore, Septemba | Aprili hadi Juni |
| Chambo | ruhusa | marufuku | marufuku | ruhusa katika vitalu vingi |
| Darubini | ruhusa | ruhusa | marufuku msimu huo | ruhusa msimu wa silaha zote |
| Umbali wa kutarajia | yadi 20–60 | yadi 20–80 | yadi 50–100 | 20 kwenye chambo, 200 na zaidi bondeni |
| Ukaguzi wa dubu | kituoni, pamoja na jino | ndani ya saa 24 | ndani ya siku 5 | ndani ya siku 10 |

Tarehe na ada hubadilika kila mwaka. Soma kijitabu cha sheria cha mwaka huohuo unaokwenda, si cha mwaka jana.

Maine

Idara ya wanyamapori ya Maine hukadiria dubu kati ya 24,000 na 36,000, na wengi wao wako kwenye misitu ya mbao ya kaskazini, misitu mizito kiasi kwamba kuwatafuta kwa miguu ni kupoteza juma. Kwa hiyo hapa watu huketi wakangoja. Msimu hufunguliwa Jumatatu ya mwisho ya Agosti, na wiki nne za mwanzo ndizo za chambo. Chambo chenyewe huruhusiwa kuanza kuwekwa siku 30 kabla. Wapiga kura waliletewa hoja ya kukipiga marufuku mwaka 2004 na tena 2014, wakaikataa mara zote mbili.

Kwa mwenye gobore, jambo la kupendeza ni umbali. Pipa la galoni 55 limefungwa mtini, ndani mna maandazi ya dukani yaliyochacha, molasi na mafuta ya kukaangia. Ulingo uko yadi 20 hadi 60. Na kwa kuwa huu si msimu maalumu wa magobore bali wa silaha zote, masharti ya kizamani hayapo. Inlaini, darubini, saboti (kile kikombe cha plastiki kinachoishika risasi nyembamba ndani ya mtutu mpana), vyote vinapita.

Kuajiri kiongozi si lazima kisheria kwa uwindaji wa chambo. Kwa mbwa, asiye mkazi lazima awe na kiongozi. Lakini tusidanganyane: anayeishi mwendo wa saa 12 kutoka hapo hawezi kujaza pipa kila siku kwa mwezi mzima. Akitaka kujaribu, sheria inamtaka apate ruhusa ya mwenye ardhi, chambo kiwe angalau yadi 50 kutoka njia ya magari, na pawe na kibao cha inchi 2 kwa 4 chenye jina na anwani yake. Wengi huishia kulipa kambi, kwa kawaida dola 2,000 hadi 3,500 kwa wiki, leseni na bahashishi kando.

Kabla ya kutoa arbuni, uliza hivi. Pipa liko yadi ngapi kutoka ulingo, na mtalisogeza mkijua nina gobore? Kila mwindaji ana chambo chake au mnapokezana? Ukimpiga dubu jioni, nani anamfuata usiku, na mna mbwa aliyefunzwa kufuata damu? Friji kubwa iko kambini au mjini? Kambi inayojibu swali la mwisho kwa kusitasita iache, kwa sababu joto la mwisho wa Agosti litaila nyama yako.

Maine ina kasoro zake pia. Jumapili hakuna kuwinda kabisa, kwa hiyo “wiki” ni Jumatatu hadi Jumamosi. Dubu wakubwa hufika dakika za mwisho za mwanga, wakati vilengeo vya chuma havionekani tena. Darubini ya kukuza mara 2 au 3 yenye kioo kipana ni bora kuliko ile ya mara 12. Tena jioni isiyo na upepo, moshi wa baruti nyeusi hutanda mbele yako kama pazia na humwoni dubu anakokimbilia. Dawa yake ni kuchagua miti miwili ya alama kabla hajafika, na baada ya mlio kutulia na kusikiliza: matawi yanayovunjika, kisha mara nyingi mlio mrefu wa kukata roho.

Asiye raia wa Marekani afahamu kwamba Maine ina daraja la tatu la leseni, la wageni, mbali na la wakazi na la raia wa majimbo mengine.

Pennsylvania

Hapa ndipo pa mwenye mfuko mwepesi. Aishie Ohio, ambako dubu hana msimu, anafika kwa gari asubuhi moja. Jimbo lina wiki ya magobore ya dubu katikati ya Oktoba, Jumamosi hadi Jumamosi, sambamba na msimu wa magobore wa kulungu jike. Leseni ya dubu hununuliwa kando ya leseni ya kawaida, bila bahati nasibu ya vibali. Ardhi ya umma ipo tele: zile ziitwazo State Game Lands peke yake ni kama ekari milioni 1.5, na misitu ya jimbo inaongezea. Wilaya za kaskazini ya kati, kama Lycoming, Tioga, Clinton na Potter, zimekuwa na sifa ya dubu kwa muda mrefu.

Watu huchanganya wiki hii na ule msimu maarufu wa gumegume wa baada ya Krismasi. Ule ni wa kulungu na ni wa gumegume tu. Oktoba inlaini yenye darubini ni halali.

Ugumu ni kumpata dubu mwenyewe. Chambo ni marufuku, na hata mahali palipowahi kuwekwa chambo hapawindiki mpaka zipite siku 30 tangu kiondolewe chote. Ukikuta kilima kimemwagwa mahindi na mtu mwingine, ondoka. Kujitetea kwamba si wewe uliyemwaga hakusaidii. Kinachobaki ni chakula cha msituni. Mwaka ambao mialoni imezaa vizuri, dubu hutawanyika mlimani na hawana haja ya kutembea. Mwaka ambao mbegu ni haba, hukusanyika kwenye miti michache iliyozaa na pembezoni mwa mashamba ya mahindi, na hapo mwenye subira hupata. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya safari fuatilia taarifa za mbegu za mwaloni, hasa mwaloni mweupe, ambao dubu huuanza kwanza. Mchana hulala kwenye vichaka vizito vya miti isiyopukutisha majani. Makundi ya wawindaji huingia upande mmoja na kumsukuma nje upande wa pili. Kwa gobore mtindo huo ni mgumu, maana dubu anayetoka mbio yuko yadi 40 na una risasi moja. Kuketi juu ya kijito kinachounganisha kichaka na mialoni kuna heri zaidi.

Kuvaa rangi ya chungwa inayong'aa, inchi 250 za mraba kichwani, kifuani na mgongoni, ni lazima. Na dubu lazima afikishwe kituo cha ukaguzi ndani ya saa 24. Hii saa 24 huwaponza wageni: wamempiga Jumamosi jioni bonde la mbali, wakamtoa kwa vipande usiku kucha, kisha wakatafuta kituo kilicho wazi. Tafuta namba ya simu ya ofisi ya kanda kabla ya kuingia msituni, maana bondeni simu haishiki.

Colorado

Mwaka 1992 wapiga kura wa Colorado waliondoa mambo matatu kwa mpigo: uwindaji wa dubu wa majira ya kuchipua, chambo, na mbwa. Kilichobaki ni kumtafuta kwa macho na kumnyatia. Msimu wa magobore wa Septemba unaangukia wakati mzuri, kwa sababu dubu anajinenepesha kwa usingizi wa baridi: hula hadi saa 20 kwa siku na huweza kufikisha kalori 20,000. Mnyama mwenye njaa ya namna hiyo huonekana hata saa sita mchana kwenye miteremko ya mwaloni mfupi, futi 6,000 hadi 9,000, mahali penye mbegu na matunda mwitu.

Lakini gobore ulilozoea nyumbani huenda halifai huku. Katika msimu huu darubini hairuhusiwi, ni vilengeo vya chuma tu. Vidonge vya baruti haviruhusiwi, ni baruti ya kumimina. Saboti hairuhusiwi. Risasi iwe ya kipenyo kamili cha mtutu, na urefu wake usizidi kipenyo chake mara mbili. Kipenyo cha chini kwa dubu ni .40, kwa elki (kulungu mkubwa wa Amerika) .50. Kwa kuwa wengi huunganisha leseni hizo mbili, chukua .50. Fataki ya 209 na inlaini zenyewe hazina tatizo.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanabadilisha risasi wiki mbili kabla ya safari. Risasi ya duara-refu iliyotengenezwa kwa madini ya risasi matupu, yenye uzito wa greni 385 hivi (greni ni kipimo kidogo cha uzito wa risasi na baruti), haifanyi kazi kama ile ya saboti ya greni 250. Inaruka tofauti, inapiga bega kwa nguvu zaidi, inashuka mapema. Zaidi ya hayo, kwa kuwa inategemea grisi na kubana kidogo tu, ukitembea siku nzima mtutu ukiwa umeelekea chini, risasi inaweza kuteleza ikaachana na baruti. Nafasi hiyo tupu kati ya baruti na risasi ni hatari kwa mtutu na kwa uso wako. Kila baada ya saa moja, fataki ikiwa imetolewa, ingiza mdeki (ufito wa kushindilia) uone kama alama yake bado inalingana na mdomo wa mtutu. Kipande cha sufu kilichokatwa duara, kikawekwa juu ya baruti kabla ya risasi, mara nyingi hukaza makundi ya shabaha kwa kuzuia gesi kupita kando.

Jipe miezi mitatu ya mazoezi na vilengeo vya tundu, na weka kikomo chako mwenyewe. Kama huwezi kuweka risasi 5 kati ya 5 kwenye sahani ya inchi 8 ukiwa umepiga goti, huo umbali si wako. Kwa wengi, vilengeo vya chuma huishia yadi 75 hadi 100.

Maombi ya bahati nasibu hufungwa mapema mwezi wa Aprili. Vibali vinavyobaki huuzwa baadaye. Inchi 500 za mraba za rangi ya chungwa au waridi inayong'aa, pamoja na kofia, ni lazima. Mama mwenye watoto hapigwi, kwa hiyo mtazame dubu kwa dakika kadhaa, si sekunde; watoto huwa nyuma, majanini. Na wengi hurudi mikono mitupu. Anayekwenda Colorado aende kwa ajili ya elki, dubu awe nyongeza.

Idaho

Leseni na kibali hununuliwa bila bahati nasibu katika vitalu vingi, msimu wa kuchipua unaanza Aprili, ngozi wakati huo bado ina manyoya mazito, na baadhi ya vitalu huruhusu dubu wawili. Tatizo ni mabonde. Dubu huonekana upande wa pili wa korongo, yadi 250, akila nyasi mbichi kwenye mteremko unaotazama kusini. Mwenye bunduki ya kawaida hulala akapiga, mwenye gobore hushuka hadi mtoni na kupanda tena saa mbili, na akifika dubu hayupo. Kwa gobore, Idaho inafaa ukiwa kwenye chambo, au ukiwa na miguu na siku kumi.

Kuna mtego wa kusoma sheria. Kijitabu cha Idaho kina masharti makali kwa misimu ya magobore pekee: hakuna 209, hakuna saboti, hakuna vidonge, hakuna darubini. Mtu huyasoma, akanunua gobore jipya la nyundo ya ubavuni, kumbe msimu wa dubu aliolipia ni wa silaha zote na inlaini yake ingekubaliwa.

Kaskazini mwa jimbo na karibu na Yellowstone kuna dubu aina ya grizili, ambaye analindwa. Usimtambue kwa rangi: dubu weusi wengi wa magharibi ni kahawia, hata wa rangi ya asali. Tazama bonge la misuli begani, uso uliobonyea kati ya macho na pua, masikio mafupi ya mviringo, na kucha ndefu zinazoonekana kwa mbali. Ukiwa na shaka, shusha mtutu.

Shehena

Kwa mtutu wa .50 ambao michirizi yake ina msokoto wa mzunguko mmoja kila inchi 28, anza na greni 100 za baruti kwa ujazo na risasi ya saboti ya greni 250 hadi 300. Matangazo ya greni 150, vidonge vitatu kwa mpigo, yapuuze: hupata mwendo kidogo, mshindo mkubwa, na mara nyingi shabaha hutawanyika. Likielekezwa yadi 100, gobore la namna hii hupiga juu kama inchi 1 hadi 2 kwenye yadi 50, na chini inchi 6 au zaidi kwenye yadi 150. Goroli ya duara ya .490 iliyofungwa kwa kitambaa chenye mafuta ina greni 177 hivi tu na hupoteza nguvu upesi. Kwa dubu iachie yadi 50, tena kwa mtutu wenye msokoto wa polepole, 1 kwa 66 au 1 kwa 48.

Baruti hazilingani. Triple Seven ina nguvu kuliko baruti nyeusi, kwa hiyo punguza ujazo kwa asilimia 15 unapobadilisha, nayo huacha pete ngumu ndani ya mtutu inayozuia risasi ya pili kushuka. Pitisha kitambaa chenye unyevu kila baada ya mpigo. Blackhorn 209 haina pete hiyo na moshi wake ni mdogo, ila inataka fataki ya 209, na ukiipima kwa mizani, greni 100 za ujazo ni kama 70 za uzito. Fataki ya namba 11 haitegemewi kuiwasha. Baruti ya kisasa isiyo na moshi, ile ya risasi za kawaida, usiiweke kamwe kwenye gobore ambalo halikuundwa kwa ajili yake. Mtutu hupasuka.

Kushindwa kuwaka karibu kila mara chanzo ni mafuta au unyevu. Asubuhi ya kwanza, kabla ya kushindilia chochote, piga fataki mbili tupu kukausha njia ya moto. Funga mdomo wa mtutu kwa utepe wa umeme. Hewa itautoa kabla ya risasi kufika. Usiliingize gobore lenye baruti kwenye chumba chenye moto kisha ukalitoa baridini, kwani jasho litaingia kwenye baruti. Katika majimbo mengi gobore lililotolewa fataki halihesabiwi kuwa tayari kupiga, kwa hiyo linaweza kufungiwa garini. Soma maneno ya jimbo husika. Likilia “tch” na lisipige, lielekeze mbele dakika nzima kabla ya kuligusa. Na usimimine baruti moja kwa moja kutoka kwenye chupa kubwa. Cheche iliyobaki mtutuni huigeuza chupa kuwa bomu mkononi, tumia kipimo.

Gari au ndege

Jambo hili hubadilisha ulinganisho wote. Kwenye ndege, gobore tupu huruhusiwa ndani ya kasha gumu lililofungwa kwa kufuli, likatangazwa kaunta. Baruti na fataki haziruhusiwi, si mkononi wala kwenye mzigo. Ukiruka hadi Denver au Boise, lazima ununue huko, na si kila duka lina aina uliyolilengea gobore lako. Piga simu mwezi mmoja kabla. Au kama una ndugu Boise, au Lewiston ya Maine, miji ambako Wakongo na wasemaji wengine wa Kiswahili wapo wengi, mwombe akununulie chupa moja ya aina hiyohiyo na akuwekee. Ukifika piga risasi tatu kabla ya kuingia msituni, maana kasha hutupwa na vilengeo husogea. Anayekwenda Pennsylvania kwa gari hana shida hii hata moja.

Cheti cha mafunzo ya uwindaji ulichopata jimbo lako hukubaliwa kwingine. Colorado hukidai kwa aliyezaliwa tangu Januari 1, 1949, Idaho kwa aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1975, na Pennsylvania kwa anayeanza, wa umri wowote. Sheria ya serikali kuu huyaweka magobore mengi kundi la silaha za kale, lakini jimbo linaweza kuyahesabu bunduki kamili. Mwenye viza ya muda, au mwenye kesi ya uhamiaji isiyokwisha, amuone mwanasheria kabla ya kushika silaha yoyote.

Kupiga na kuchuna

Dubu si kulungu. Mapafu yake yamekaa mbele, nyuma kidogo ya bega, na manyoya marefu hudanganya jicho kuhusu mstari wa chini wa kifua. Ngoja asimame ubavu, mguu wa karibu ukiwa umesogea mbele, ulenge nyuma ya bega, katikati ya kimo cha mwili. Kichwa na kifua cha mbele viache. Mafuta huziba tundu na manyoya hunyonya damu, ndiyo maana wataalamu hutaka risasi nzito inayotoka upande wa pili. Tundu la chini la kutokea ndilo linaloacha njia ya damu. Kwenye chambo, pima ukubwa kwa pipa: la galoni 55 likiwa limesimama lina kimo cha inchi 35 hivi, na dubu ambaye mgongo wake unakaribia ukingo wa juu akiwa na miguu minne chini ni mkubwa kweli. Masikio yakionekana makubwa na yaliyosimama, bado ni mdogo.

Shindilia tena kabla ya kushuka ulingoni. Ngoja nusu saa.

Mafuta yale hushika joto kama blanketi. Siku ya nyuzi 25 za Selsiasi, ngozi iwe imetoka ndani ya saa chache na mifuko ya barafu iwe kifuani na kwenye mapaja. Nyama ya dubu ipikwe hadi ndani kufike nyuzi 71 za Selsiasi, kwa kuwa kuna minyoo ya trikinela, na aina inayokaa kwa dubu inaweza kustahimili friji ya kugandisha. Nyama ya mshikaki iliyoiva nje tu haifai.

Kabla ya kuvuka mpaka wa jimbo, hakikisha karatasi ya ukaguzi na kibali viko pamoja na nyama na ngozi. Kusafirisha mnyama aliyewindwa kinyume cha sheria ya jimbo alikotoka ni kosa la serikali kuu. Nyongo usiiuze. Na anayetamani kumpelekea mzee wake Nairobi au Dar es Salaam ngozi ya dubu ajue kwamba dubu mweusi yuko Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo ngozi haitoki Marekani bila kibali cha kusafirisha nje, nacho huombwa mapema kabla ya kukata tiketi.